Mwongozo wa Mgeni Asiyejihadhari: Safari ya Ndani ya Askarisi, Kuanzia Goma

Maonyo wanayopewa wageni wa Goma yote yanafanana. Usipande moto, yaani pikipiki ya abiria, kabla ya kuelewana bei. Usipige picha karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière. Usinywe maji ya ziwa kabla ya kuyatia dawa. Usimwulize mtu yeyote ni lini volkano ya Nyiragongo italipuka tena, maana atakujibu, na jibu lake litakunyima usingizi. Yote ni maonyo mema. Lakini hakuna hata moja linalomwandaa mgeni kukutana na mnyama wa sentimita 30, mweupe wa kuelekea waridi, anayetoka kwa mtoto siku chache baada ya kampeni ya vitamini A na dawa ya minyoo. Wala hakuna linalomwandaa kwa mambo yaliyomo ndani ya misuli ya mnyama huyo, ambako wenye shahada zao wamepotea.

Mwongozo huu unaziba pengo hilo. Unamfaa mwanafunzi wa bayolojia aliyesikia darasani maneno "nyuzi za kati" akayaandika bila kuuliza. Unamfaa muuguzi mdadisi, na mzazi aliyekwisha kushtuka ambaye sasa anataka angalau mshtuko wake umletee elimu. Haumfai mtu anayekula sasa hivi.

Kufika

Njia ni fupi kuliko unavyodhani, na hapo ndipo hatari ilipo. Goma imejengwa juu ya lava. Nyiragongo ilitapika mwaka 1977. Ikarudi tarehe 17 Januari 2002 na kupasua katikati ya mji hadi ziwani. Ikaja tena tarehe 22 Mei 2021, mara hiyo ikaishia Buhene, pembezoni. Kila mara watu wamejenga upya juu ya jiwe jipya. Jiwe hilo lina sifa zake: kuta hujengwa kwalo zikasimama, na likishapondeka kuwa udongo linazaa vizuri. Lakini jaribu kulichimba choo. Utaingia na nyundo na mtaimbo, utatoka na malengelenge, na shimo litakuwa la kimo cha mtoto, lenye kujaa upesi na kufurika mvua ikikazana. Mashirika yaliyokuja mwaka 1994, wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda na kipindupindu kikiwafuata nyuma, yalilifahamu jiwe hili kabla ya kuufahamu mji wenyewe.

Sasa piga hesabu. Mnyama wetu ni mnyoo aitwaye askarisi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Wasiojihadhari huogopa kinyesi cha leo na kudharau vumbi la mwezi uliopita; wameogopa upande usiofaa. Yai bichi haliambukizi. Linahitaji wiki mbili hadi nne katika udongo wenye unyevu ili mnyoo mchanga akomae ndani yake, na ganda lake ni gumu kiasi cha kuvumilia mengi wakati huo. Baada ya hapo linasubiri tu: kwenye kucha za watoto wanaocheza uani, kwenye lengalenga iliyooshwa kwa haraka, kwenye karoti iliyofutwa kwa kitenge badala ya maji.

Ukishalimeza, safari inaendelea bila ruhusa yako. Mnyoo mchanga hutoka utumboni, hupenya ukuta, hupitia ini, hupanda kwenye mapafu, hukoholewa hadi kooni, humezwa tena na kurudi utumboni alikotoka. Kwa nini azunguke hivyo na hali alikuwa amekwisha kufika? Usiulize, wapo wageni wa Goma waliopitia ofisi nyingi zaidi kwa sababu ndogo zaidi. Miezi miwili hadi mitatu tangu yai limezwe, mkazi mpya anaanza kutaga, na anaweza kukaa mwaka mmoja hadi miwili.

Kibali cha kuingia

Usimpasue yule aliyetoka kwa mtoto. Mazungumzo yanayofaa katika saa ile ni mafupi:

"Muganga, mkubwa hivi, alikuwa anakula nini?"

"Chakula cha mtoto wako, mama. Mtupe chooni, ufunike, unawe mikono na sabuni."

Zaidi ya adabu, ipo sababu ya kimaabara. Mnyoo aliyekufa kitambo protini zake zimeshaanza kukatwakatwa, na utakachopima ni mabaki. Wataalamu walipita mlango mwingine, yaani machinjio ya nguruwe. Askarisi wa nguruwe, Ascaris suum, na askarisi wa binadamu, Ascaris lumbricoides, wanakaribiana mno, hata wapo wanasayansi wanaowahesabu kuwa spishi moja. Ni katika misuli ya wanyama hawa ambapo kundi la Klaus Weber na Mary Osborn, kutoka Taasisi ya Max Planck mjini Göttingen, Ujerumani, lilitoa nyuzi za kati, yaani nyuzi za protini zilizo ndani ya seli, na kuzieleza mwaka 1986. Walikuwa wametanguliza konokono. Kwa nini wanyama hawa? Kwa sababu wana misuli na matumbo ya kutosha kujaza chupa, na hakuna anayewalilia.

Sura ya nchi

Ukiingia kutoka nje utagongana kwanza na ngozi ngumu isiyo na seli. Hapa mgeni asiyejihadhari hutamka kwa sauti neno "keratini", akijua kwamba kucha zake, nywele zake na pembe za ng'ombe wa Masisi ni keratini, na kwamba keratini ni mojawapo ya nyuzi za kati. Mtafutie kiti. Ngozi ya askarisi ni kolajeni, protini ya ukoo mwingine kabisa. Nyuzi za kati ziko ndani zaidi, ndani ya seli, na anayezitafuta juu ya mnyoo anatafuta kitu cha chumbani akiwa barabarani.

Chini ya ngozi kuna tabaka jembamba la seli laini. Chini ya tabaka hilo kuna misuli, safu moja tu ya seli kubwa kubwa. Kuna desturi moja ya nchi hii inayowashangaza wageni: kwetu sisi neva hutuma matawi yake hadi kwenye misuli, kwa askarisi, misuli ndiyo inayonyoosha mikono hadi kwenye neva kupokea amri.

Mfupa hakuna. Kinachomfanya mnyama huyu asimame imara ni umajimaji uliobanwa ndani ya mwili wake. Mwaka 1957 Harris na Crofton walipima shinikizo hilo wakapata wastani wa takriban milimita 70 za zebaki, na wakati mwingine likapanda hata kupita 200. Muulize muuguzi yeyote anayepima watu shinikizo la damu kama tarakimu hizo ni mchezo. Huyu mnyama hana meno ya kung'ang'ania ukuta wa utumbo. Anakaa mahali pake kwa kuogelea mfululizo dhidi ya mkondo wa chakula, usiku na mchana. Sasa fikiri: kila msuli unapojikunja, nguvu yake lazima ifike kwenye ngozi ya nje, na njia pekee ni kupitia lile tabaka la seli laini. Seli laini zinavutwa huku, shinikizo linasukuma kule, kwa mwaka mzima. Lazima kuwe na kitu kinachoshika.

Kinachoshika ni nyuzi za kati. Ushahidi mzuri haukutoka kwa askarisi mwenyewe, ambaye ni mgumu kufugwa maabara, bali kwa jamaa yake mdogo wa milimita moja, Caenorhabditis elegans, anayeishi kwenye matunda yanayooza. Mnyoo huyu ana jeni 11 za nyuzi za kati za saitoplazimu. Mwaka 2001 watafiti walizima jeni hizo moja baada ya nyingine na kuona kwamba nne kati yake hazina mbadala: ukiizima yoyote katika hizo, mnyama hakui ipasavyo au hafiki popote. Katika minyoo wenye kasoro kwenye mojawapo ya hizo nne, misuli inabanduka kutoka kwenye ukuta wa mwili. Msuli ni mzima, neva ni nzima, amri inafika, msuli unajikunja, lakini haujashikamana na kitu.

Uimara huu si wa chuma. Mwangalie mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akiteremka na magunia ya makaa: hafungi mzigo kwa waya, anafunga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya gari, maana waya hukatika kwenye shimo la kwanza na mpira hunyooka kisha ukarudi. Nyuzi za kati za wanyama wenye uti wa mgongo zimevutwa kwa vyombo na kuonekana zikinyooka kupita mara mbili ya urefu wake kabla ya kukatika, na kadiri zinavyovutwa ndivyo zinavyokaza.

Wenyeji na majirani zao

Ndani ya seli utawakuta watatu. Aktini ni mwembamba, nanometa 7 hivi. Mikrotubuli ni mnene na ana uwazi ndani, nanometa 25. Nyuzi za kati ni nanometa 10. Watu wengi hudhani ziliitwa za kati kwa kuwa ziko katikati ya hao wawili, na vitabu vingi vinawaachia dhana hiyo. Waliozipa jina mwaka 1968, Howard Holtzer na wenzake, walikuwa wakitazama misuli ya kifaranga cha kuku, na katikati waliyoiona ilikuwa baina ya aktini nyembamba na mayosini nene. Haidhuru. Kinachodhuru ni kudhani kwamba watatu hao wana tabia moja.

Aktini na mikrotubuli wana mbele na nyuma, na hutumia nishati ya kemikali wanapojengwa na kubomolewa. Kwa sababu wana mwelekeo, kuna injini za molekuli zinazotembea juu yao zikibeba mizigo. Nyuzi za kati hazina mbele wala nyuma. Hakuna injini inayotembea juu yake, na katika kujijenga hazihitaji nishati ya nje hata kidogo. Sababu iko katika namna zinavyopangwa, na hapo ndipo barabara inapoanza kupinda.

Barabara yenye mitego

Tembea polepole.

Protini moja ya uzi wa kati ina kichwa, fimbo na mkia. Kichwa na mkia hutofautiana sana baina ya protini na protini. Fimbo ndiyo kitambulisho cha ukoo. Ni mnyororo wa asidi amino uliojisokota kwa mzunguko wa alfa, na ukizihesabu asidi amino zake saba saba utaona kwamba ya kwanza na ya nne katika kila kundi huwa ni zile zinazochukia maji. Hivyo upande mmoja wa fimbo unapata ukanda mrefu usiotaka kulowa. Fimbo moja peke yake haina pa kuuficha ukanda huo. Fimbo mbili zikikutana huuficha baina yao na kusokotana, kichwa kwa kichwa na mkia kwa mkia, bila kupishana. Francis Crick alieleza hesabu ya msokoto wa namna hii tangu mwaka 1953. Jozi hiyo ndiyo tofali la kwanza kwa wanyama wote wenye nyuzi hizi, mnyoo na wewe msomaji mkiwemo.

Mtego wa kwanza uko kwenye urefu. Fimbo ya keratini yako, au ya vimentini yako, au ya protini nyingine yoyote ya uzi wa kati iliyo nje ya kiini cha seli zako, ina asidi amino karibu 310. Fimbo ya askarisi ina karibu 350. Ya konokono vilevile. Tofauti yenyewe ni asidi amino 42, yaani saba mara sita kamili, na zote ziko mahali pamoja, katika sehemu ya fimbo inayoitwa 1B. Mwanafunzi anayekuta tarakimu mbili tofauti katika vitabu viwili hudhani ni kosa la uchapaji na kuchagua ile anayoipenda. Si kosa.

Kuna protini nyingine yenye zile 42, nayo iko ndani yako sasa hivi: lamini, ambayo hutandaza wavu chini ya utando wa kiini cha seli. Lamini wanayo wanyama wote, kuanzia haidra hadi profesa. Kundi la Weber liliposoma mpangilio wa asidi amino za konokono mwaka 1988 na za askarisi mwaka 1989, halikukuta zile 42 peke yake. Kwenye mkia wa protini ya askarisi kulikuwa pia na kipande cha asidi amino zipatazo 120 kinachofanana na mkia wa lamini, kipande kinachojikunja kwa umbo lile lile linaloonekana katika kingamwili. Vilivyokosekana ni vitu viwili tu: ile alama inayoiambia seli "mpeleke huyu ndani ya kiini", na zile herufi za mwishoni mwa mkia ambapo lamini hubandikwa mafuta ya kushikia utando. Ondoa hizo mbili kwenye lamini na umepata protini isiyoingia kiini, inayobaki nje kujitafutia kazi. Ndivyo inavyoaminika nyuzi za kati zilivyozaliwa: jeni ya lamini ilijirudufu, na nakala moja ikapoteza vibali vyake.

Hapa ndipo mgeni asiyejihadhari hutamka sentensi anayotakiwa kuonywa nayo kuliko zote: "Basi mnyoo ni mnyama duni, ndiyo maana protini zake ni za kizamani." Akisema hivyo mezani, badilisha mada hadi chai iishe, kisha mweleze. Aliyebadilika katika jambo hili ni sisi. Zile 42 zilikatwa katika ukoo wetu, na tena si jana: amfioksasi wa mchangani mwa bahari na matunikata wanaong'ang'ania miamba, ambao hawana uti wa mgongo lakini ni jamaa zetu wa karibu, nao wana fimbo fupi kama yetu. Kwa hiyo mkato ulifanyika kabla ya samaki wa kwanza. Askarisi hakuchelewa njiani; ametembea miaka mingi sawa na sisi, ila yeye hakutupa kilichokuwa kikifanya kazi. Na anayegawa wanyama katika makundi mawili, wenye uti wa mgongo na wasio nao, akadhani mstari huo unazigawa na nyuzi za kati, amfioksasi anamsubiri ng'amboni.

Mtego wa pili ni mtamu zaidi, na umewanasa waliokwisha kuukwepa wa kwanza. Ukishajua kwamba protini ya askarisi inafanana na lamini kwa urefu na kwa mkia, utafanya nini? Utadhani pia inajipanga kama lamini. Jozi za lamini, katika chupa ya maabara, hupenda kwanza kushikana kichwa kwa mkia, moja nyuma ya nyingine, kama foleni. Jozi za protini zetu za nje ya kiini hazifanyi hivyo. Hulala ubavu kwa ubavu zikielekeana kinyume, kichwa cha hii upande wa mkia wa ile, na kupishana kama nusu, zikawa kundi la fimbo nne.

Mwaka 1998 Norbert Geisler, Weber na wenzao, pamoja na maabara ya Ueli Aebi mjini Basel, Uswisi, walizitazama protini za konokono na za askarisi chini ya hadubini ya elektroni, hatua kwa hatua. Jozi ilionekana kama ile ya lamini hasa: fimbo ya nanometa 56 hivi, na upande mmoja vidonge viwili, ambavyo ni ile mikia iliyojikunja. Mtu angeweza kufunga daftari hapo na kwenda nyumbani. Hatua iliyofuata ilitoa kitu chenye urefu wa nanometa 72 hivi, chenye vidonge viwili kila upande. Ukikitazama tu unajua kilichotokea: jozi mbili zimelala ubavu kwa ubavu, kinyume, zimepishana kama nusu, na mikia imetokeza ncha zote mbili. Foleni hakuna. Sura ni ya lamini, mwenendo ni wa vimentini.

Mimi naona picha hiyo ya vidonge vinne ndiyo inayostahili nauli yote ya safari hii. Inajibu pia swali tuliloliacha nyuma. Kitu kilichojengwa kwa jozi zinazoelekeana kinyume kina ncha mbili zinazofanana, na uzi uliojengwa kwa vitu vya namna hiyo hauwezi kuwa na mbele na nyuma. Ndiyo maana injini za molekuli haziusomi.

Kutoka nne kwenda kwenye uzi mzima, njia inayojulikana vizuri zaidi ni ya vimentini. Vifurushi vinane vya nne nne hukusanyika kuwa kipande kifupi kinene cha nanometa 60 hivi. Vipande huungana ncha kwa ncha, kisha uzi wote hujibana hadi unene wake wa nanometa 10. Kwa askarisi kuna la kuongeza: ile mikia mikubwa iliyojikunja haina nafasi ndani ya uzi, lazima ikae nje. Kwa jamaa yake C. elegans kuna masharti ya ndoa: protini B1 hujenga uzi mwilini ikiwa na mwenzi wa kundi la A, na mmoja akikosekana mwingine hafai kitu.

Kambi ya usiku

Mtu akitaka kuona kwa macho yake, maabara yenyewe si ya kifahari kama jina la kazi. Unasaga msuli, unauosha kwa sabuni ya maabara na maji yenye chumvi nyingi. Aktini na mayosini huondoka na maji machafu. Nyuzi za kati hukataa kuondoka. Ukaidi wao ndio unaozitambulisha. Unaziyeyusha kwa yurea kali, mola 8, hadi kila mnyororo unabaki peke yake, umenyooka, hauna umbo. Kisha unaiondoa yurea taratibu kupitia utando wenye vitundu vidogo.

Na zinarudi. Hakuna mtu anayezielekeza, hakuna nishati iliyotiwa, hakuna seli. Mnyororo unajisokota, jozi zinatafutana, nne zinalala kinyume, uzi unatokea chupani. Maelekezo yote yalikuwa ndani ya mpangilio wa asidi amino. Mgeni mwenye haraka huondoa yurea kwa ghafla na kupata uchafu ulioganda. Hilo nalo ni matokeo, ila halichapishwi.

Mahali pa kuepuka

Kumbikumbi. Utawanunua mvua zikianza, utawakaanga, na ukiwa mwanafunzi utatamani kuwatafutia nyuzi za kati kwa kuwa ni wengi na ni rahisi. Usijisumbue. Wadudu walizipoteza. Nzi wa matunda, Drosophila, mnyama aliyechunguzwa kuliko karibu wote, ana jeni mbili za lamini na hana hata moja ya nyuzi za kati za saitoplazimu. Pale ambapo mnyoo anashikilia msuli kwa nyuzi hizi, mdudu hutumia mikrotubuli na gamba lake la kaitini.

Usitangaze hata hivyo kwamba jamii nzima ya wenye miguu ya pingili haina. Mwaka 2011 ilielezwa protini ya namna hii, isomini, kutoka tumboni mwa kiumbe mdogo wa unyevunyevu, Isotomurus maculatus, jamaa wa karibu wa wadudu. Mwaka 2016 ikaja saitotadini ya tadigredi, wale wanyama wadogo mno wenye miguu minane wanaopatikana kwenye kuvumwani. Yenyewe imetokana na lamini moja kwa moja, kana kwamba ukoo huo ulipoteza nyuzi za kwanza, ukajuta, ukaanza upya kutoka kwa babu yule yule.

Hariri ya buibui: si nyuzi za kati. Kamba za kome: hapana. Nyungunyungu wa bustanini Himbi: ndiyo, anazo. Konokono anayekula sombe yako: ndiyo, tangu kooni.

Na mtu akikuambia amezipata katika mnyama fulani kwa sababu kingamwili ya maabara imeng'aa, mwombe mpangilio wa asidi amino kwanza. Kingamwili hushika vinavyofanana.

Kwenye farmasi

Mtego wa mwisho hauko maabara, uko mtaani Birere, kwenye kibanda cha dawa. Msomaji aliyefika hapa atakinunua kidonge cha mebendazole cha miligramu 500, au albendazole cha miligramu 400, atakigeuza mkononi na kusema: sasa najua kinafanya nini, kinakata zile nyuzi. Hapana, ndugu. Dawa hizi mbili hushika tubulini ya mnyoo, tofali la mikrotubuli, yule jirani mnene. Mikrotubuli isipojengwa, seli za utumbo wa mnyoo hushindwa kusafirisha vitu, na mnyoo hufa njaa taratibu katikati ya chakula. Ndiyo maana hatoki dakika ile ile, na mama hurudi kesho yake kulalamika kwamba kidonge kilikuwa bandia. Levamisole na pyrantel hupita njia ya tatu: huvuruga vipokezi vya neva kwenye misuli, mnyoo hupooza, anashindwa kuogelea, mkondo unamchukua.

Mpe mtoto kidonge chake kampeni ikipita, hata kama mwaka jana alikipata, maana dawa humtoa mnyoo aliyemo na haizuii yai la kesho. Osha lengalenga kwa maji yanayotiririka. Funika choo, kifupi kilivyo. Nyuzi za kati za askarisi hazimo katika orodha ya vinavyolengwa: kati ya dawa zinazotolewa leo dhidi ya mnyoo huyu, hakuna hata moja inayozigusa.